Ukaidi au Maumivu? Tabia Ngumu za Punda wa Mkokoteni katika Eneo la Kapseret

Punda anayesimama katikati ya barabara na kukataa kusogea, anayemuuma mtu anayemfunga mkanda, anayerusha mateke pindi mzigo unapopakiwa, au anayelala chini angali amefungwa kwenye mkokoteni, huzusha mabishano ambayo mara nyingi humalizwa kwa mjeledi kabla jibu halijapatikana. Katika eneo bunge la Kapseret, kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, linaloanzia kwenye mitaa yenye msongamano ya Langas na kuenea hadi kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa yaliyo jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret, mabishano hayo si madogo, kwa kuwa maji, mchanga, majani ya mifugo na magunia ya mahindi bado hubebwa na punda pale ambapo lori ni ghali au njia haipitiki. Mwenye punda husema mnyama wake amezaliwa mkaidi. Mtaalamu wa mifugo, akiitwa, husema huenda mnyama anaumia mahali pasipoonekana. Na mwendeshaji mzoefu husema mnyama ameharibiwa na mtu aliyemfunza. Kila mmoja ana mifano ya kutosha, na kila mfano una ukweli fulani ndani yake, hali inayomwacha msikilizaji asijue amsadiki nani. Uchambuzi huu unaeleza chanzo cha mkanganyiko huo, unazipima hoja tatu zinazoshindana, kisha unachunguza njia zilizopo za kutofautisha mnyama anayeumia na mnyama anayegoma kwa sababu nyingine.

Ng'ombe mwenye teke na punda mwenye teke

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni kwamba wakulima wa Kapseret si wageni kabisa wa wazo la maumivu yaliyofichika. Ng'ombe wa maziwa aliyezoea kusimama kwa utulivu wakati wa kukamuliwa, akianza ghafla kupiga teke ndoo, haitwi mkaidi na mfugaji mwenye ujuzi, bali hukaguliwa kiwele. Maziwa ya kwanza hukamuliwa kwenye kikombe cheusi ili kuona kama yana mabonge, na mara nyingine hutumika kipimo cha California, ambacho huchanganya maziwa kidogo na dawa inayoyafanya yawe mazito kama uji iwapo titi lina uambukizo. Kwa maneno mengine, teke la ng'ombe husomwa kuwa taarifa.

Teke la punda katika boma lilelile halisomwi hivyo, na sababu haitokani na ukatili wa watu. Ng'ombe ana kipimo kinachozungumza kwa niaba yake kila asubuhi na jioni: lita zikipungua, au maziwa yakikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia, mfugaji hupata hasara anayoweza kuihesabu siku hiyohiyo, na hivyo maumivu ya ng'ombe huingia moja kwa moja katika hesabu za nyumba. Punda hana lita. Kazi yake hupimwa kwa safari, na safari inaweza kukamilika hata kama mnyama anaumia, mradi apigwe vya kutosha. Maumivu yake kwa hiyo hayaonekani katika mapato mpaka siku anaposhindwa kabisa kusimama, na kufikia hapo tiba nyingi huwa zimekwisha kupitwa na wakati. Tofauti hii ya kiuchumi inaeleza mkanganyiko uliopo vizuri kuliko madai kwamba watu hawajali wanyama.

Mnyama wa nchi kame katika matope ya nyanda za juu

Elimu nyingi kuhusu maumivu na tabia imetokana na farasi, na farasi leo ni nadra katika Uasin Gishu. Waliletwa na walowezi wa Kiafrikana waliofika nyanda hizo kutoka Afrika Kusini mwaka 1908, lakini ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ulikuwa adui wao mkubwa katika bara hili, na baadaye trekta na gari vikachukua kazi yao. Punda, ambaye ugonjwa huo humdhuru kwa nadra, ndiye aliyebaki. Kuchukua maarifa ya farasi na kuyatumia kwa punda bila marekebisho ni kosa ambalo hata wataalamu hulifanya.

Punda wa kufugwa anatokana na punda mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, aliyeanza kufugwa takriban miaka 7,000 iliyopita. Katika nchi kame yenye malisho yaliyotawanyika, wanyama hao hawakuishi katika makundi makubwa yanayokimbia pamoja, na hivyo mmoja akikutana na jambo la kutisha, mara nyingi husimama, hulitazama, kisha huamua kukimbia au kupigana. Farasi huonyesha hofu kwa kutimka, ilhali punda anaweza kuionyesha kwa kuganda. Mtu asiyejua asili hii huona mnyama aliyekataa amri, kumbe anaona mnyama anayetathmini hatari. Asili hiyohiyo imempa punda uwezo mkubwa wa kuficha maumivu, kwa kuwa mnyama dhaifu ndiye anayewindwa kwanza.

Mazingira ya Kapseret yanaongeza uzito wa suala hili. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huanza Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi mingi. Ukwato wa punda, ulioumbwa kwa ardhi kavu na ya mawe, hufyonza maji zaidi ya ukwato wa farasi, na ukikaa katika matope na mbolea ya boma hulainika, hupasuka pembezoni, na kuruhusu vijidudu kuingia hadi jipu linapojitunga ndani. Mnyama huyohuyo hutoka kwenye matope na kupanda lami ngumu ya barabara ya Eldoret akivuta mzigo. Kuanzia Oktoba, mavuno ya mahindi yanapoanza, kazi huongezeka kwa ghafla baada ya miezi ya kazi nyepesi, na ngozi ambayo haijazoea mkanda huchubuka katika siku za mwanzo. Ukaidi unaojitokeza msimu kwa msimu unapaswa kutiliwa shaka kwa sababu hiyo pekee.

Hoja ya nidhamu

Hoja ya kwanza, na iliyoenea zaidi, inasema kwamba punda ni mkaidi kwa maumbile, kwamba hupima nguvu za mtu anayemwendesha, na kwamba akiachiwa mara moja ataharibika daima. Hoja hii ina mizizi katika utamaduni wenyewe, kwani methali isemayo kuwa shukrani ya punda ni mateke humfanya mtoto wa Kiswahili akue akijua kwamba teke la punda ni dosari ya tabia, wala halihitaji kutafutiwa sababu.

Isingefaa kuitupilia mbali hoja hii. Punda hutofautiana kwa hulka kama wanyama wengine wote, na wapo walio wepesi wa kuchokozeka. Punda dume asiyehasiwa akinusa punda jike aliye kwenye joto anaweza kuuma na kuvunja kamba ilhali hana ugonjwa wowote. Ni kweli pia kwamba mnyama hujifunza kutokana na matokeo: akigoma na akafunguliwa, kugoma kutarudi. Zaidi ya hayo, mwendeshaji aliye na mapipa ya maji yanayosubiriwa na wateja hana nafasi ya kuchunguza falsafa ya mgomo, naye hulipwa kwa safari.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaeleza kila kitu, na kwa hiyo haielezi chochote. Punda akigoma ni mkaidi, na ushahidi wa ukaidi wake ni kule kugoma. Haiwezi kueleza kwa nini mnyama aliyefanya kazi miaka minne bila tatizo abadilike ndani ya wiki mbili, wala kwa nini agome akielekea mtoni na asigome akirudi. Dosari kubwa zaidi ni kwamba tiba inayopendekezwa, yaani kipigo, huharibu ushahidi: mnyama aliyepigwa huwa na majeraha mapya juu ya yale ya zamani, hukaza misuli kila anapoguswa, na daktari wa mifugo akifika hawezi tena kujua kipi kilianza.

Hoja ya maumivu

Hoja ya pili inageuza utaratibu: tabia ngumu ihesabiwe kuwa dalili ya maumivu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nguvu yake ya kwanza iko katika wingi wa maumivu yenyewe. Uchunguzi wa kina uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu punda 102 wa kazi nchini Pakistani uliwakuta wote wakichechemea kwa kiwango fulani. Hali ya Kapseret haiwezi kukadiriwa kwa takwimu za Pakistani, lakini sababu zinazotajwa, yaani kwato zisizokatwa, mizigo mizito na kazi inayoanza mnyama akiwa bado mchanga, hazina upekee wa nchi moja.

Nguvu ya pili inatoka kwa utafiti wa farasi. Mwaka 2018, daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, walichapisha orodha ya mienendo 24 ya farasi anayepandwa, kama vile kulaza masikio nyuma kwa muda mrefu, kupepesa mkia mfululizo, kufungua kinywa mara kwa mara na kukataa kwenda mbele, wakaonyesha kwamba farasi mwenye mienendo 8 au zaidi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya misuli, viungo au mifupa. Kilichoipa orodha hiyo uzito ni hatua iliyofuata: farasi walipotiwa ganzi kwenye neva za sehemu zilizoshukiwa, mienendo hiyo ilipungua papo hapo. Mnyama aliyedhaniwa ana tabia mbaya alipunguza tabia hiyo bila mafunzo yoyote wala adhabu. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba sehemu ya kinachoitwa ukaidi huishi mguuni au mgongoni, na wala si kichwani.

Kwa punda wa mkokoteni, mahali ambapo maumivu hujificha ni pengi. Meno yake huendelea kuchomoza kadiri yanavyosagika, na yasiposagika sawasawa hubaki na ncha kali zinazokata mashavu na ulimi, hasa pale kamba inapopitishwa mdomoni badala ya hatamu iliyotengenezwa vizuri. Mzigo uliopakiwa mbele ya ekseli huukandamiza mgongo, na uliopakiwa nyuma yake huinua mikono ya mkokoteni na kuukaza mkanda wa tumboni. Katika hali zote mbili mnyama huumia bila jeraha kuonekana. Nira iliyoundwa kwa ajili ya ng'ombe, anayesukuma kwa nundu na shingo yake nene, humuumiza punda, ambaye nguvu zake hutoka kifuani. Ndani ya tumbo kuna minyoo, misokoto ya utumbo na vidonda, na ndani ya ukwato kuna jipu lisiloonekana mpaka lipasuke.

Hata hivyo, hoja hii ina pengo ambalo watetezi wake hulipita haraka mno. Ikiwa karibu punda wote wa kazi wanachechemea, na ni baadhi tu wanaogoma, basi kuchechemea peke yake hakuwezi kueleza kwa nini huyu agome na yule asigome. Mchunguzi akimtazama punda yeyote wa mkokoteni kwa makini atapata kidonda, na akikipata atashawishika kwamba amepata sababu, ilhali huenda kidonda hicho hakihusiani na mgomo. Orodha ya Dyson nayo iliundwa kwa farasi wanaopandwa, wenye hatamu na tandiko, na haikuundwa kwa punda anayevuta.

Lipo pia jambo zito zaidi, ambalo wanaotetea hoja ya maumivu wangepaswa kulitangaza kuliko wanavyofanya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, punda wa kazi waliopewa dawa ya kutuliza maumivu iitwayo meloksikamu walilinganishwa na wengine waliopewa kitu kisicho na dawa, na badiliko lililoonekana kwa waliotibiwa ni kwamba walikuwa macho zaidi na walisinzia kidogo. Maumivu ya punda, kwa kipimo hicho, yalikuwa yamejificha katika unyamavu wake. Mnyama anayesimama kichwa chini, asiyegeuza masikio anapopitiwa, anayesifiwa kwa upole, anaweza kuwa ndiye anayeumia kuliko jirani yake anayepiga mateke.

Hoja ya hofu na mazoea

Hoja ya tatu hupatikana kwa waendeshaji wazoefu na kwa wataalamu wa tabia za wanyama. Inasema kwamba tabia nyingi ngumu ni mambo ambayo mnyama amejifunza, ama kwa sababu yalimletea nafuu, ama kwa sababu yaliambatana na jambo la kutisha. Punda aliyegongwa na pikipiki kwenye mzunguko fulani atagoma mahali hapo miezi mingi baadaye. Punda hujenga urafiki wa karibu, mara nyingi wa wawili wawili, na akitenganishwa na mwenzake, kwa kuuzwa au kufa, anaweza kulia, kukataa kula na kukataa kazi, jambo ambalo mwenye mali huliona kuwa deko.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inaeleza jambo ambalo hoja ya maumivu hushindwa kulieleza: tabia inayoendelea baada ya jeraha kupona. Mnyama aliyechubuliwa na mkanda kwa wiki sita hujifunza kwamba mkanda unauma, na ngozi ikishapona, kumbukumbu hubaki. Hapo maumivu yalikuwa chanzo, lakini hayapo tena, na kumtafutia mnyama huyo dawa ni kupoteza fedha. Anachohitaji ni kuzoeshwa upya, polepole, kwa mkanda uliowekewa kitambaa laini na kwa kazi nyepesi.

Hatari yake ni kutumiwa mapema mno. Mnyama anayeumia akifunzwa upya kwa ustadi anaweza kweli kuacha kugoma, na mafunzo yakahesabiwa kuwa yamefaulu, ilhali kilichofanyika ni kumfundisha kunyamaza. Wataalamu huita hali ya mwisho ya njia hiyo kukata tamaa kwa kufunzwa, yaani mnyama kuacha kujitetea kwa kuwa ameona kwamba kila analolifanya halibadilishi kitu. Kwa kuwa punda tayari ana mwelekeo wa kunyamazia maumivu, mafunzo yanayotangulia uchunguzi wa mwili yanaweza kumwondolea njia pekee iliyobaki ya kutoa habari.

Namna ya kuchunguza, na mipaka ya kila njia

Kinachotenganisha hoja hizi tatu katika mnyama mmoja mahususi ni utaratibu wa uchunguzi, na hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Ni kuuliza tabia ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, na ni nini kilibadilika wakati huo: mkanda mpya, mkokoteni mwingine, mwendeshaji mwingine, mwenzake kuuzwa, msimu wa mavuno kuanza. Tabia iliyokuwepo tangu siku ya kwanza ya kazi huelekeza kwenye mafunzo au hulka. Ile iliyozuka kwa mnyama aliyekomaa aliyekuwa akitii huelekeza kwenye mwili. Udhaifu wa hatua hii ni kwamba punda wengi wa mkokoteni hununuliwa sokoni wakiwa wamekomaa, na muuzaji ana kila sababu ya kutosema kwa nini anauza.

Hatua ya pili ni kutenganisha mambo moja moja. Mnyama huongozwa kwa kamba bila kitu chochote mwilini, kisha akiwa na mkanda pekee, kisha akiwa na mkokoteni mtupu, na mwisho akiwa na mzigo, huku ikiangaliwa ni katika hatua ipi tabia hujitokeza. Anayegoma kwenye mteremko pekee huenda anaumizwa na mkokoteni usio na breki unaomsukuma kwa nyuma. Anayekataa kugeuka upande mmoja huenda ana tatizo la bega, shingo au jino la upande huo. Anayegoma mahali palepale bila kujali mzigo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na hofu. Njia hii ni rahisi na ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, lakini inahitaji nusu siku isiyo na mapato, na punda aliyekwisha kuogopa mkanda atagoma kwenye mkanda hata kama mwili umepona.

Hatua ya tatu ni mwili wenyewe, kuanzia kwato hadi meno. Kila ukwato huinuliwa, husafishwa na kupapaswa ili kuona kama una joto kuliko mingine. Mgongo hubonyezwa kwa vidole pande zote mbili za uti. Chini ya mkia na nyuma ya viwiko hukaguliwa. Majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa huashiria meno. Vipimo vya jumla vinapaswa kusomwa kwa viwango vya punda, na hapa wataalamu waliozoea ng'ombe wanaweza kukosea pakubwa: joto la kawaida la punda aliyekomaa hukaribia nyuzi 37.1, mapigo ya moyo 44 kwa dakika na pumzi 20, ilhali ng'ombe mwenye afya huwa na nyuzi zaidi ya 38. Punda mwenye nyuzi 38.5, ambazo kwa ng'ombe si kitu, tayari ana homa.

Njia ya nne ni kusoma uso. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Emanuela Dalla Costa lilitoa kipimo cha uso wa farasi chenye alama sita, zikiwemo masikio yaliyokazwa nyuma, kope zilizobana, misuli ya taya iliyokakamaa na pua zilizonyooka kwa mkazo, na kufikia mwaka 2020 vipimo vya aina hiyo kwa ajili ya punda vilikuwa vimechapishwa. Vipimo hivi havina gharama na mtu yeyote anaweza kufundishwa kuvitumia. Tatizo ni kwamba viliundwa kwa kiasi kikubwa kutokana na wanyama waliotoka kuhasiwa, ambao maumivu yao ni makali na ya muda mfupi, na havijathibitika vivyo hivyo kwa maumivu ya miezi na miaka, ambayo ndiyo ya mkokoteni. Uso wa punda mzee aliyezoea kuumia unaweza kuonekana mtulivu kabisa.

Njia ya tano, na inayovutia zaidi wenye haraka, ni kumpa mnyama dawa ya kutuliza maumivu kwa siku kadhaa na kuangalia kama tabia itabadilika. Ikibadilika, ushahidi ni mzuri. Isipobadilika, hakuna kilichothibitishwa, na hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mwili wa punda huondoa baadhi ya dawa, kama fenilibutazoni na meloksikamu, haraka kuliko mwili wa farasi, wakati dawa nyingine kama kaprofeni hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Dozi iliyopangwa kwa farasi inaweza kuisha mwilini kabla ya kazi kuanza, na mwenye punda akahitimisha kwamba hakukuwa na maumivu. Vidonda vya tumbo havipozwi na dawa za aina hiyo, bali vinaweza kuchochewa nazo, na tabia iliyokwisha kuwa mazoea itaendelea hata maumivu yakinyamazishwa. Jaribio hili kwa hiyo linafaa kusimamiwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, baada ya hatua tatu za kwanza, na mnyama akiwa kwenye kazi nyepesi.

Bei ya kukosea

Makosa yanayowezekana ni mawili, na hayalingani. La kwanza ni kumchukulia mnyama anayeumia kuwa mkaidi; la pili ni kumchukulia mnyama mwenye mazoea mabaya kuwa mgonjwa. Kosa la pili hugharimu siku za mapumziko, ada ya daktari na pengine dawa isiyohitajika, na kwa familia inayoishi kwa mapato ya siku, gharama hiyo ni chakula halisi cha jioni. Si haki kwa mshauri yeyote kuizungumzia kana kwamba ni ndogo. Kosa la kwanza hugharimu polepole lakini zaidi: jipu la ukwato lililoweza kufunguliwa kwa kisu mapema hupanda juu, kidonda cha mkanda hufika mfupani, na punda anayeacha kula kwa sababu ya maumivu huingia katika hatari inayomhusu yeye kuliko wanyama wengi, ambapo mafuta ya mwili huyeyuka na kujaa katika damu hadi ini kushindwa, na kifo kufuata ndani ya siku chache.

Kati ya makosa hayo mawili limeingia la tatu, ambalo ni kuficha. Dawa za maumivu zinazonunuliwa kwenye agroveti bila uchunguzi humwezesha mnyama kurudi kwenye mzigo uleule, juu ya kiungo kilekile kilichoumia, na hivyo huzidisha kile kilichotakiwa kuponywa. Soko nalo hutoa njia nyingine ya kuficha. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2016 ili kuhudumia biashara ya ngozi inayoelekea China, mnyama msumbufu alipata mnunuzi asiyeuliza swali. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya mwaka 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Uhaba huo umebadilisha hesabu ya mwenye mkokoteni, kwa kuwa kumbadilisha mnyama msumbufu kwa mwingine si jambo jepesi kama lilivyokuwa.

Sheria haitoi msaada mkubwa katika suala hili mahususi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo na kumtumia akiwa hafai kazi kwa ugonjwa au jeraha, lakini afisa barabarani huona kidonda na kuchechemea, na haoni jino wala jipu. Maumivu yaliyofichika yako nje ya macho ya sheria kama yalivyo nje ya macho ya mwenye mali.

Kupima hoja

Hoja ya nidhamu ndiyo dhaifu zaidi kati ya tatu, kwa kuwa inafunga uchunguzi kabla haujaanza, ingawa inabaki kuwa na haki kuhusu hulka, hamu ya dume na mgomo uliotuzwa. Hoja ya maumivu na hoja ya mazoea zinaonekana kushindana, lakini kwa hakika zinagawana wakati: mara nyingi maumivu huanzisha na mazoea huendeleza. Ndiyo maana mpangilio una uzito kuliko upande. Mwili ukichunguzwa kwanza na usipatikane na kasoro, mafunzo yanaweza kuanza bila hatari. Mafunzo yakitangulia, mwili hautachunguzwa kamwe, kwa sababu dalili zitakuwa zimezimwa. Kuanza na mwili hakumaanishi kuamini kwamba kila mgomo ni ugonjwa, bali ni kuchagua kosa linaloweza kurekebishwa badala ya lile lisilorekebishika.

Kuhusu nani atafanya kazi hiyo, Kapseret ina nafasi ambayo maeneo kame yenye punda wengi hayana. Huduma za mifugo tayari hufika katika maboma kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, iwe ni kupandisha kwa mrija, kuchanja au kutibu kiwele, na nauli ya mtaalamu imekwisha kulipwa na ng'ombe. Kuinua kwato nne, kupapasa mgongo na kufungua kinywa cha punda aliyefungwa upande wa pili wa boma huchukua muda mfupi kuliko kusubiri matokeo ya kipimo cha maziwa kutoka maabara. Ukaguzi huo haupaswi kumngoja punda arushe teke. Kwa kuzingatia yaliyoonekana katika punda waliopewa dawa, anayestahili kufunguliwa kinywa kwanza ni yule ambaye mwenye boma anamsifu kwamba hajawahi kumsumbua.